Dawa ya kupe: Usinunue chupa, nunua siku za kinga

Na Mwandishi Wetu

MVUA zikianza, biashara ya dawa za kupe huchangamka. Mfugaji ambaye kiangazi kizima hakukanyaga duka la dawa za mifugo hufika akiwa na haraka, na swali lake kwa muuzaji ni moja tu: ipi ya bei nafuu? Muuzaji humwekea mezani chupa mbili za lita moja moja. Ya kwanza ni ya kuchanganya na maji na kunyunyizia kwa bomba. Ya pili ni ya kumwagia mgongoni, haitaki maji wala bomba, lakini bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Mfugaji huchukua ya bei ndogo na kuondoka akiamini ameokoa fedha.

Huenda ameokoa, huenda amepoteza. Kwa kuangalia bei ya chupa peke yake hawezi kujua. Kwa mtu mwenye ng'ombe wawili au wanne wa maziwa kule Kibaha, Tegeta, Tanga mjini au Arumeru, kosa hilo linaweza kumla mtaji wote kwa msimu mmoja. Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi ya kupiga hesabu ya dawa za kupe na nzi kama mfanyabiashara anavyopiga hesabu ya bidhaa nyingine yoyote: gharama ya kumkinga ng'ombe mmoja, kwa wiki moja, kwa kipimo kamili.

KUPE ANA RATIBA YAKE

Kabla ya fedha, ni lazima kumfahamu adui. Ugonjwa unaoua zaidi ng'ombe wa kisasa katika Afrika Mashariki ni ndigana kali. Huenezwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni. Kupe huyu hupitia hatua tatu za maisha, na kila hatua hunyonya mnyama mwingine. Akishashiba hudondoka majani, hubadilika, kisha hupanda mnyama mpya. Vimelea anavyovipata katika hatua moja huvipeleka kwa mnyama wa hatua inayofuata.

Jambo la kumfaa mfugaji ni hili: kupe akishang'ata, vimelea vya ndigana kali haviingii papo hapo. Huchukua siku tatu hadi nne hivi kukomaa katika mate yake. Hapo ndipo biashara yote ya kuogesha inaposimama. Anayemuua kupe ndani ya siku hizo amezuia ugonjwa. Anayemuua siku ya saba amemuua mwizi baada ya mali kutoka nje.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuogesha kila wiki, na mara mbili kwa wiki wakati wa mvua pale ambapo kupe ni wengi na dawa haidumu mwilini. Mvua ndizo zinazowaamsha kupe wakubwa wa aina hii.

Wapo na wenzake. Kupe wa bluu humaliza hatua zake zote juu ya ng'ombe mmoja kwa muda wa wiki tatu hivi, na huleta ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu. Kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi huleta maji moyo. Huyu ana mdomo mrefu na hupenda kiwele, na kidonda anachoacha kinaweza kuziba chuchu. Ng'ombe wa maziwa mwenye chuchu tatu hauzwi kwa bei ya mwenye nne. Aidha, ngozi iliyotobolewa na kupe hushushwa daraja inapofika kwa mnunuzi.

KILICHOMO NDANI YA CHUPA

Madukani majina ya biashara ni mengi, lakini familia za dawa ni chache. Mnunuzi asome maandishi madogo yanayotaja kiambato.

Familia ya kwanza ni amitrazi. Huwafanya kupe waachie mwili upesi, lakini haikai muda mrefu juu ya ngozi, na dhidi ya nzi na mbung'o haina msaada wa maana. Haifai kabisa kwa punda na farasi, kwani inaweza kuwaua. Mwenye punda wa mkokoteni na ng'ombe katika zizi moja akumbuke hilo.

Familia ya pili ni piretroidi, yaani dawa zilizobuniwa viwandani kwa kuiga sumu ya asili iliyomo katika maua ya pareto, zao ambalo wakulima wa nyanda za juu kusini wanalifahamu vizuri. Humo wamo sipamethrini, alfasipamethrini, deltamethrini na flumethrini. Faida yake ni kwamba nyingi huua kupe na pia hupambana na nzi. Dawa nyingi za kumwagia mgongoni ni za familia hii. Hasara yake ni kwamba ni sumu kali kwa samaki na nyuki.

Familia ya tatu ni oganofosfati, ambazo ziliingia sokoni kwa wingi miaka ya 1960. Nazo huua kupe, lakini humdhuru binadamu kwa urahisi zaidi zikimwagika mwilini. Zipo pia chupa zinazochanganya viambato vya familia mbili.

Dawa ya kumwagia mgongoni imetengenezwa kwa mafuta. Mfugaji huimwaga kwa mstari kuanzia mabegani hadi kwenye shina la mkia, nayo hutambaa pamoja na mafuta ya ngozi na manyoya mpaka sehemu nyingine za mwili. Haifiki kila mahali kwa haraka, na tope au mvua kubwa mara baada ya kuimwaga huipunguzia nguvu. Kwa sababu hiyo mfugaji makini bado hukagua ndani ya masikio na chini ya mkia.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye ng'ombe wanne wa maziwa, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 350. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Msomaji aweke za duka lake, lakini njia ya hesabu haibadiliki.

Chupa ya kwanza: amitrazi ya asilimia 12.5, lita moja kwa sh. 36,000. Kipimo cha kawaida ni mililita 2 kwa kila lita ya maji. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 10 hivi za maji yenye dawa ili alowe kuanzia masikio hadi kwato. Kwa hiyo kila ng'ombe hutumia mililita 20 za dawa, na lita moja hutosha kuogesha ng'ombe mara 50. Gharama ya dawa ni sh. 720 kwa ng'ombe kila anapoogeshwa. Kijana wa kazi akilipwa sh. 2,000 kwa kuwaogesha wote wanne, hiyo ni sh. 500 zaidi kwa kila ng'ombe. Jumla ni sh. 1,220 kwa wiki. Hapo bado maji, ambayo kwa mtu wa Kibaha anayenunua kwa madumu si bure.

Chupa ya pili: dawa ya kumwagia mgongoni, lita moja kwa sh. 70,000. Nyingi huelekeza mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wetu wa kilo 350 atahitaji mililita 35, yaani sh. 2,450. Ikiwa kibandiko kinaelekeza kurudia baada ya siku 14, gharama ni sh. 1,225 kwa wiki. Kazi ni ya dakika chache na mwenye mifugo anaweza kuifanya mwenyewe kabla hajaenda ofisini.

Kwa hiyo chupa ya sh. 36,000 na chupa ya sh. 70,000 zimetoa kinga kwa bei inayolingana: tofauti ni sh. 5 kwa wiki. Aliyechagua kwa kuangalia bei ya chupa alikuwa akilinganisha vitu visivyolingana. Hata hivyo mvua zikizidi na mtaalamu akashauri kunyunyizia mara mbili kwa wiki, gharama ya chupa ya kwanza itapanda hadi sh. 2,440. Vivyo hivyo kama chupa ya pili itabidi irudiwe kila wiki, itafika sh. 2,450. Uamuzi basi utategemea mambo mengine: upatikanaji wa maji, uaminifu wa kijana wa kazi, na kama eneo lina nzi wasumbufu.

Kwa mwenye kundi kubwa hesabu ni nyingine. Josho la lita 15,000 likijazwa kwa dawa ile ile ya amitrazi linahitaji lita 30 za dawa, yaani sh. 1,080,000 kwa kuanzia. Fedha hizo zinatisha. Lakini wanakijiji wakileta ng'ombe 1,000 kila wiki, na kila ng'ombe akitoka na lita mbili na nusu mwilini, josho hupungukiwa lita 2,500. Kuzirudisha kwa kipimo cha kuongezea chenye nguvu mara moja na nusu kutahitaji lita saba na nusu za dawa, sawa na sh. 270 kwa ng'ombe. Ukigawa gharama ya kuanzia kwa mwaka mzima, ni kama sh. 21 zaidi kwa kila ng'ombe anayeingia. Hakuna bomba la mgongoni linaloweza kushindana na bei hiyo.

Sababu ya kuongeza dawa yenye nguvu zaidi ni kwamba manyoya hukamata dawa kuliko yanavyokamata maji. Kila ng'ombe anapopita, josho hubaki dhaifu. Msimamizi anayeongeza maji bila kuongeza dawa, au anayekadiria kwa macho, anaendesha bwawa la kuogelea kupe. Josho la amitrazi huhitaji pia chokaa ili dawa isiharibike. Majosho mengi nchini yalikufa miaka ya 1980 na 1990 Serikali ilipoanza kujiondoa katika kugharamia huduma hiyo, na somo lililobaki ni kwamba josho ni biashara kama nyingine. Bila idadi ya wateja, daftari la fedha na mtu wa kupima, halidumu.

ANAYEZIMUA DAWA ANAKOPA KWA RIBA KUBWA

Njia inayopendwa ya kubana matumizi ni kuzimua. Badala ya mililita 20 kwa ndoo ya lita 10, mfugaji hutia 10. Kwa ng'ombe wanne huokoa sh. 1,440 kwa wiki, yaani sh. 74,880 kwa mwaka. Tukikadiria kwamba mtamba mmoja wa maziwa ni sh. 1,500,000, mtamba akifa kwa ndigana kali ameondoka na akiba ya miaka 20 ya kuzimua. Fedha hizo hizo zingewaogesha ng'ombe wote wanne kwa kipimo kamili kwa karibu miaka sita.

Hasara haiishii kwa mtamba. Dawa hafifu huua kupe dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaliane. Baada ya vizazi kadhaa, kupe wa eneo zima huwa sugu, na hapo hata jirani anayefuata kipimo hulipa deni asilolikopa.

Historia haina utani katika jambo hili. Dawa ya kwanza ya majosho ilikuwa aseniki, mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, kupe wa bluu wa Afrika Kusini walikuwa wameizoea. Zikaja dawa nyingine, nazo moja baada ya nyingine zikazoeleka mahali pengi. Nchini Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kupe sugu kwa piretroidi katika maeneo ya kati na magharibi, wengine wakiwa sugu kwa zaidi ya familia moja ya dawa. Kupe hasomi mpaka, na ng'ombe huvuka.

Wafugaji wengi wakiona dawa haifanyi kazi hubadilisha jina la chupa. Anayetoka kwenye sipamethrini kwenda deltamethrini hajabadilisha kitu, kwani hizo ni ndugu wa tumbo moja. Kubadilisha kwenye maana ni kuhama familia. Hata hilo lisifanywe kila wiki kwa kubahatisha, bali kwa ushauri wa daktari wa mifugo na kwa pamoja na majirani.

Kabla ya kuilaumu dawa, jichunguze. Ogesha kwa kipimo kamili, kisha kagua masikio siku ya tatu. Ukikuta kupe wazima wanaoendelea kujaa damu, mwite mtaalamu. Mara nyingi itagundulika kwamba masikio hayakulowa, uzito ulikadiriwa chini, au dawa ilikuwa bandia. Utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe ili kujua uzito wake ni kifaa cha bei ndogo kinachorudisha gharama yake haraka.

NZI NAO WANA BEI YAO

Katika maeneo yenye mbung'o, ng'ombe hukabiliwa na nagana, ugonjwa unaomkondesha taratibu mpaka mnunuzi mnadani anamtazama na kupita. Hapo amitrazi haitoshi. Mfugaji anahitaji dawa ya familia ya piretroidi ambayo kibandiko chake kinataja mbung'o.

Mfano mzuri upo nyumbani. Katika kisiwa cha Unguja, ng'ombe walimwagiwa dawa ya deltamethrini mgongoni ili kupunguza mbung'o. Kisha, kuanzia mwaka 1994, mbung'o madume yaliyofanywa tasa, ambayo yalizalishwa Tanga, yalimwagwa kisiwani kwa ndege. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Dawa ya mgongoni haikuimaliza kazi peke yake, lakini bila ya kupunguza idadi kwanza, madume yale yangezidiwa.

Uganda nayo, katika kampeni iliyoanza mwaka 2006 dhidi ya malale, ilitumia njia ya kunyunyizia miguu na tumbo tu, kwa kuwa mbung'o hupendelea kung'ata sehemu za chini. Dawa na gharama hupungua sana. Lakini mwenye tatizo la ndigana kali asiinakili njia hiyo jinsi ilivyo. Kupe wake yuko sikioni, na sikio halilowi kwa kunyunyiziwa miguu.

CHANJO IPO, LAKINI HAIONDOI BOMBA

Dhidi ya ndigana kali ipo chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, miaka ya 1970. Ng'ombe hupewa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti, na kinga yake hudumu kwa miaka. Tatizo lake la kibiashara ni ufungaji: huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni, na mrija mmoja hutosha ng'ombe wengi ambao ni lazima wachanjwe kwa muda mfupi. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kuununua peke yake kwa faida. Wafugaji wadogo wanaojiunga na kumwita mtaalamu kwa siku moja hugawana gharama hiyo.

Chanjo hiyo haizuii ndigana baridi, kukojoa damu, maji moyo wala vidonda vya kiwele. Aliyechanja anaweza kupunguza kuogesha kwa ushauri wa mtaalamu, lakini hawezi kulitupa bomba.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa anayenunua dawa: Kiambato ni kipi, na ni cha familia gani? Ina namba ya usajili, na tarehe ya mwisho haijapita? Kifuniko hakijafunguliwa? Kipimo ni kiasi gani kwa kilo au kwa lita ya maji, na irudiwe baada ya siku ngapi? Maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi? Swali la mwisho ni la biashara, si la adabu tu. Dawa nyingine huruhusu maziwa kuuzwa siku hiyo hiyo, nyingine haziruhusu, na muda wa kusubiri ni gharama inayopaswa kuingia kwenye hesabu.

Kwa anayenunua mtamba kutoka shamba la mbali: Alikuwa akiogeshwa kwa dawa gani na mara ngapi kwa wiki? Amechanjwa ndigana kali? Ng'ombe aliyekulia mahali pasipo na kupe, au aliyeogeshwa bila kukosa tangu utotoni, hana kinga ya mwili. Akishushwa kwenye lori katika eneo la kupe na kuachwa wiki mbili bila dawa, tezi chini ya sikio zitavimba, homa itapanda, ataacha kula na kuanza kuhema kwa shida. Dawa za kutibu zipo na husaidia zikiwahi, lakini zikichelewa mfugaji hulipa daktari na hubaki na mzoga.

Kwa anayeogesha: Wape ng'ombe maji ya kunywa kwanza ili wasinywe ya josho. Vaa glovu na buti. Usioshee bomba mtoni, kisimani wala karibu na bwawa la samaki. Chupa tupu itobolewe isije ikageuzwa chombo cha mafuta ya taa au maziwa.

Msimu huu, kabla ya kuuliza bei ya chupa, chukua karatasi. Andika bei, gawa kwa idadi ya dozi, ongeza maji na kazi, kisha gawa kwa wiki za kinga. Hesabu hiyo haichukui dakika tano, na ndiyo inayotenganisha mfugaji mwenye mradi na mfugaji mwenye bahati.